Dawa za kulainisha mlango wa kizazi

Dawa za kulainisha mlango wa kizazi ni dawa anazopewa mjamzito ambaye mimba yake imetimiza miezi lakini uchungu haujaanza, ili mlango wa kizazi (huitwa pia shingo ya kizazi) ulainike, ufupike na kuanza kufunguka kabla ya kuanzishiwa uchungu. Dawa kuu za kundi hilo ni prostaglandini mbili: misoprostoli na dinoprostoni. Oksitosini, dawa inayojulikana zaidi kama "dripu ya uchungu", hukaza misuli ya kizazi lakini hailainishi vizuri mlango ambao bado ni mgumu. Kwa sababu hiyo, kwa kawaida hutumika baada ya mlango kuwa tayari.

Dawa hizo zimewawezesha wanawake wengi kujifungua kwa njia ya kawaida pale ambapo kuendelea kungoja kungehatarisha maisha yao au ya watoto wao. Hata hivyo usalama wake unategemea sana dozi. Kidonge cha kawaida cha misoprostoli kina mikrogramu 200, wakati dozi inayopendekezwa kwa kuanzisha uchungu wa mtoto aliye hai ni mikrogramu 25, yaani sehemu moja ya nane ya kidonge. Dozi kubwa inaweza kusababisha mikazo mikali mfululizo, mtoto kukosa hewa, na hata kizazi kupasuka.

## Mlango wa kizazi na jinsi unavyoiva

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayotokeza ukeni. Tofauti na sehemu ya juu ya kizazi, ambayo ni misuli mingi, mlango umeundwa hasa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kwa miezi yote ya mimba nyuzi hizo hushikana kwa nguvu, na kazi ya mlango ni kubaki umefungwa ili mtoto asitoke kabla ya wakati.

Siku za mwisho za mimba kazi hiyo hugeuka. Vimeng'enya huvunja mshikamano wa kolajeni, maji huongezeka kati ya nyuzi, na mlango uliokuwa mgumu huwa laini. Wakunga wengi hueleza tofauti hiyo kwa mfano wa uso: mlango ambao haujaiva ukiguswa ni kama ncha ya pua, na ulioiva ni kama mdomo. Pamoja na kulainika, mlango hufupika, husogea mbele kutoka upande wa mgongo, na huanza kufunguka. Mabadiliko hayo yote kwa pamoja huitwa kuiva kwa mlango wa kizazi.

Prostaglandini ni kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe, nazo zina nafasi kubwa katika badiliko hilo. Hutolewa na utando unaomzunguka mtoto, na mlango wenyewe, na tishu nyingine za kizazi. Dawa za kulainisha mlango huiga kazi hiyo ya asili.

## Alama za Bishop

Kabla ya kuamua dawa gani itumike, mkunga au daktari hupima njia na kuipa alama. Mfumo unaotumika zaidi duniani ulitolewa mwaka 1964 na Edward Bishop, daktari wa uzazi wa Marekani. Mfumo huo huangalia mambo matano:

* Kufunguka kwa mlango: umefungwa (0), sentimita 1 hadi 2 (1), sentimita 3 hadi 4 (2), sentimita 5 au zaidi (3).
* Kufupika kwa mlango: asilimia 0 hadi 30 (0), 40 hadi 50 (1), 60 hadi 70 (2), 80 au zaidi (3).
* Kushuka kwa kichwa cha mtoto kwenye nyonga: kutoka 0 kikiwa bado juu sana hadi 3 kikiwa kimeshuka vizuri.
* Ugumu wa mlango: mgumu (0), wa kati (1), laini (2).
* Mahali mlango ulipoelekea: nyuma (0), katikati (1), mbele (2).

Jumla ya juu kabisa ni 13. Mama mwenye alama zaidi ya 8 ana nafasi ya kujifungua kwa njia ya kawaida inayokaribiana na ya mwanamke ambaye uchungu umemwanza wenyewe. Alama 6 au chini yake kwa kawaida huonyesha mlango haujaiva. Mama wa namna hiyo akiwekewa dripu ya oksitosini peke yake anaweza kupata mikazo yenye maumivu kwa saa nyingi bila njia kufunguka, na mwishowe kufanyiwa upasuaji. Ndiyo maana mlango hulainishwa kwanza.

## Sababu za kuanzisha uchungu

Mimba huhesabiwa kuwa imetimia kuanzia wiki ya 37, na wiki 39 hadi 40 na siku 6 ndicho kipindi kinachoitwa utimilifu kamili. Kuanzia wiki 42 mimba huitwa iliyopitiliza. Uchungu huanzishwa pale ambapo hatari ya kuendelea na mimba ni kubwa kuliko ya kuzaa. Sababu za kawaida ni hizi:

* Mimba kupita wiki 41.
* Shinikizo la juu la damu katika ujauzito, hasa preeklampsia, hali ambayo isipotibiwa inaweza kuishia katika kifafa cha mimba.
* Chupa kupasuka bila uchungu kufuata, jambo linaloongeza hatari ya maambukizi.
* Kisukari cha mama.
* Mtoto kutokua vizuri tumboni.
* Mtoto kufia tumboni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza uchungu uanzishwe kwa mwanamke ambaye inajulikana kwa hakika kwamba amefikisha wiki 41. Halipendekezi kuuanzisha kabla ya hapo kwa mimba isiyo na tatizo lolote. Neno "kwa hakika" lina uzito, kwa sababu mama asiyekumbuka tarehe ya hedhi ya mwisho na ambaye hakupimwa ultrasaundi mapema anaweza kudhaniwa amepitiliza kumbe mtoto bado hajakomaa.

Utafiti uliofanyika katika hospitali 14 za Sweden kwa wanawake 2,760 na kuchapishwa mwaka 2019 ulilinganisha kuanzisha uchungu katika wiki 41 na kungoja hadi wiki 42. Ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu katika kundi lililongoja walikufa watoto 6 na katika kundi la kuanzishiwa hakufa hata mmoja. Nchini Marekani utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha wanawake zaidi ya 6,000 wa mimba ya kwanza wasio na matatizo, uliona kwamba walioanzishiwa uchungu katika wiki 39 walifanyiwa upasuaji kwa asilimia 18.6, na waliongoja kwa asilimia 22.2. Matokeo hayo ya pili yalipatikana katika hospitali zenye vifaa na wahudumu wengi, hivyo hayawezi kuhamishwa moja kwa moja kwenda kituo chenye mkunga mmoja kwa wadi nzima.

## Historia

Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza alionyesha kwamba dutu itokayo kwenye tezi ya pituitari hukaza kizazi. Dutu hiyo, oksitosini, ilitengenezwa maabara mwaka 1953 na Vincent du Vigneaud wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1955. Madaktari walipata dawa ya kukaza kizazi, lakini tatizo la mlango mgumu lilibaki.

Prostaglandini zilipewa jina hilo mwaka 1935 na Ulf von Euler wa Sweden, aliyedhani kwamba zinatoka kwenye tezi dume. Mwenzake Sune Bergström alizitenga na kueleza muundo wake. Bergström, Bengt Samuelsson na John Vane walishiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1982.

Hatua ya kuzipeleka prostaglandini kwenye chumba cha kujifungulia ilipigwa Kampala, Uganda. Katika miaka ya 1960 mtafiti Sultan Karim alionyesha kwamba prostaglandini zimo katika maji ya uzazi na katika damu ya wanawake walio na uchungu. Mwaka 1968 yeye na wenzake wa Makerere, akiwemo R. R. Trussell, walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza taarifa ya kuanzisha uchungu kwa prostaglandini F2-alfa iliyotolewa kwa dripu. Taarifa hiyo huhesabiwa kati ya za kwanza duniani. Miaka miwili baadaye walitoa nyingine kuhusu prostaglandini E2, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 walijaribu pia dawa ya kumeza.

Mwaka 1973 Andrew Calder na Mostyn Embrey wa Uingereza waliandika juu ya kutumia prostaglandini hasa kwa mlango ambao haujaiva. Tangu hapo kulainisha mlango kukawa hatua yenye jina lake, tofauti na kukaza kizazi.

Misoprostoli ilitoka upande mwingine kabisa. Ilitengenezwa mwaka 1973 na kampuni ya Searle ya Marekani kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na mwaka 1988 iliidhinishwa Marekani kwa jina la Cytotec ili kuwakinga na vidonda watu wanaotumia dawa za maumivu kwa muda mrefu. Lebo yake ilionya kwamba hukaza kizazi. Madaktari wa Amerika Kusini ndio walioanza kulitumia onyo hilo kama tiba: mwaka 1987 ilitolewa taarifa kutoka Brazil juu ya wanawake ambao watoto wao walikuwa wamefia tumboni, na mwaka 1992 taarifa kutoka Argentina juu ya watoto walio hai.

Kwa miaka mingi dawa hiyo ilitumika leba bila idhini rasmi kwa kazi hiyo. Agosti 2000 Searle iliwaandikia wahudumu wa afya wa Marekani kuwakumbusha kwamba haikuidhinishwa kwa wajawazito. Madaktari wa uzazi walipinga, na mwaka 2002 maandishi ya lebo yalibadilishwa. Mwaka 2005 WHO iliingiza kidonge cha mikrogramu 25 cha misoprostoli katika orodha yake ya dawa muhimu.

## Aina za dawa

### Misoprostoli

Misoprostoli ni prostaglandini E1 iliyotengenezwa maabara. Ni ya bei nafuu, haihitaji jokofu, na inaweza kumezwa, kuwekwa chini ya ulimi au kuwekwa ukeni. Kinachoiharibu zaidi ni unyevu, kwa hiyo vidonge vinatakiwa kubaki katika pakiti yake ya alumini hadi saa ya kutumika.

Njia ya kuitoa hubadilisha tabia yake mwilini. Ikimezwa, hufika kileleni katika damu baada ya dakika kama 30 na hupungua haraka katika saa mbili hivi. Ikiwekwa ukeni, hupanda polepole, hufika kileleni baada ya saa moja na zaidi, na hubaki kwa saa nne au zaidi. Ikiwekwa chini ya ulimi, kiwango chake katika damu hupanda juu kuliko kwa njia nyingine. Dozi ya kumeza ina faida moja kubwa: mikazo ikizidi, dawa huisha nguvu mapema, na dozi inayofuata inaweza kuachwa.

WHO inapendekeza mikrogramu 25 za kumeza kila baada ya saa 2, au mikrogramu 25 za kuweka ukeni kila baada ya saa 6. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021, yaliyokusanya tafiti 61 zenye wanawake zaidi ya 20,000, yalionyesha kwamba dozi ndogo ya kumeza huenda ikapunguza upasuaji ikilinganishwa na dinoprostoni ya ukeni au na puto.

### Dinoprostoni

Dinoprostoni ni prostaglandini E2, ileile inayotengenezwa na mwili. Hupatikana kama jeli ya miligramu 0.5 ya kuweka ndani ya mlango, kama vidonge vya ukeni vya miligramu 3, na kama kipande bapa chenye uzi, kilichobeba miligramu 10 na kuachilia takribani miligramu 0.3 kwa saa. Marekani iliidhinisha jeli mwaka 1992 na kipande hicho mwaka 1995.

Faida ya kipande chenye uzi ni kwamba kinaweza kuvutwa na kutolewa mara tu mikazo inapozidi. Hasara yake ni bei na baridi: hutakiwa kuhifadhiwa kwenye friza. Kwa hospitali ambayo umeme hukatika mara kwa mara, sharti hilo peke yake linatosha kuiweka dawa hiyo mbali.

### Oksitosini

Oksitosini hutolewa kwa dripu ambayo kasi yake huongezwa kidogo kidogo. WHO inaipendekeza peke yake pale ambapo prostaglandini hazipo. Kwa mlango ambao haujaiva, hufanya kazi vizuri zaidi ikiunganishwa na puto. Haitakiwi kuanzishwa wakati prostaglandini bado inafanya kazi. Baada ya misoprostoli ya mwisho hungojwa angalau saa 4, baada ya jeli ya dinoprostoni saa 6 hadi 12, na baada ya kutoa kipande chenye uzi angalau dakika 30.

### Mifepristoni na nyingine

Mifepristoni huzuia kazi ya projesteroni, homoni inayotuliza kizazi wakati wa mimba. Hutumika pamoja na misoprostoli pale mtoto anapokuwa amefia tumboni. Dawa zinazotoa nitriki oksidi, kama isosobaidi mononitrati, zimejaribiwa pia. Hulainisha mlango bila kuleta mikazo mingi, ila nguvu yake ni ndogo kuliko ya prostaglandini.

## Puto

Njia isiyo ya dawa ambayo hulinganishwa daima na prostaglandini ni puto la mpira wa mkojo wa aina ya Foley. Mpira hupitishwa kwenye mlango wa kizazi, puto hujazwa maji ya mililita 30 hadi 60, na shinikizo lake husukuma mlango na kuufanya utoe prostaglandini zake wenyewe. Puto huleta mikazo ya kupita kiasi mara chache kuliko dawa.

Nchini Uholanzi utafiti wa wanawake 824 uliochapishwa mwaka 2011 uliona kwamba puto na jeli ya prostaglandini E2 hazikutofautiana kwa kiasi cha maana katika idadi ya upasuaji. Huko Nagpur, India, utafiti wa wanawake 602 wenye shinikizo la damu la ujauzito, uliochapishwa mwaka 2017, ulilinganisha puto na misoprostoli ya kumeza ya mikrogramu 25 kila saa 2. Waliojifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24 walikuwa asilimia 57 kwa misoprostoli na asilimia 47 kwa puto.

## Tatizo la kidonge kimoja

Mahali pengi kidonge cha mikrogramu 25 hakipatikani dukani wala katika stoo ya hospitali. Kilichopo ni kile cha mikrogramu 200, ambacho ndicho hutumika pia kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua. Kazi hizo mbili zinahitaji dozi zilizoachana mno:

* Kuanzisha uchungu wa mtoto aliye hai: mikrogramu 25.
* Kuzuia damu kutoka nyingi baada ya mtoto kuzaliwa, pale ambapo oksitosini haipo: mikrogramu 600 za kumeza, yaani vidonge 3.
* Kutibu damu iliyokwisha kuanza kutoka nyingi, pale ambapo oksitosini haipo au haikusaidia: mikrogramu 800 chini ya ulimi, yaani vidonge 4.

Dozi ya kuzuia damu ni mara 24 ya dozi ya kuanzisha uchungu. Katika utafiti uliofanyika Kigoma, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2005, wakunga wa jadi walifundishwa kuwapa akina mama waliojifungulia nyumbani mikrogramu 1,000 kupitia njia ya haja kubwa pale damu ilipozidi. Hiyo ni mara 40. Mtoto akiwa ameshatoka, mkazo mkali wa kizazi ndio unaoziba mishipa ya damu na kumwokoa mama. Mtoto akiwa bado ndani, mkazo huohuo humbana yeye na kondo la nyuma. Kwa sababu hiyo vidonge vilivyotolewa kwa ajili ya kuzuia damu havitakiwi kumezwa kabla mtoto hajazaliwa, na kama kuna uwezekano wa pacha, hakuhakikishwi kwa kukisia bali kwa kupapasa tumbo.

Kukata kidonge cha mikrogramu 200 vipande vinane kwa wembe hakuaminiki. Vipande havitoki sawa, na hakuna uhakika kwamba dawa imesambaa sawasawa ndani ya kidonge. Njia iliyo bora ni kuyeyusha kidonge kizima cha mikrogramu 200 katika mililita 200 za maji safi ya kunywa. Kila mililita 1 huwa na mikrogramu 1, na dozi ya mikrogramu 25 huwa mililita 25 zinazopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Chupa hutikiswa kabla ya kila dozi, huandikwa jina la dawa na saa ya kuchanganywa, na mchanganyiko unaobaki baada ya saa 24 humwagwa. Katika nchi kadhaa za Ulaya kidonge cha kumeza cha mikrogramu 25 kimeidhinishwa tangu mwaka 2017.

## Hatari na madhara

Madhara madogo ya prostaglandini ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kutetemeka na homa. Madhara makubwa ni haya:

* Mikazo ya kupita kiasi, yaani zaidi ya mikazo 5 katika dakika 10. Kati ya mkazo na mkazo damu hurudi kwenye kondo la nyuma na mtoto hupata hewa. Nafasi hiyo ikikosekana mtoto huchoka, na mapigo ya moyo wake hushuka.
* Kizazi kupasuka. Hutokea zaidi kwa mwanamke mwenye kovu la upasuaji, na pia kwa aliyezaa mara nyingi. Dalili ni maumivu makali yasiyoachia, mikazo kukoma ghafla, mapigo ya mtoto kupotea, na mama kuishiwa nguvu kwa kutokwa damu, mara nyingi ndani kwa ndani.
* Damu kutoka nyingi baada ya kujifungua, kizazi kikiwa kimechoka.

Mikazo ikizidi, hatua ya kwanza ni kuacha dawa: kipande chenye uzi huvutwa, dripu hufungwa, dozi inayofuata haitolewi. Mama hulazwa kwa ubavu wa kushoto, na anaweza kupewa dawa ya kulegeza kizazi kama tabutalini. Mapigo ya mtoto yasiporudi hali ya kawaida, hufanyiwa upasuaji wa dharura.

## Wasiotakiwa kupewa

WHO haipendekezi misoprostoli kwa kuanzisha uchungu wa mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji. Kwake puto ni salama zaidi, chini ya uangalizi wa daktari. Pia uchungu hauanzishwi kwa dawa yoyote pale ambapo kuzaa kwa njia ya kawaida hakuwezekani au ni hatari: kondo la nyuma likiwa limetangulia, mtoto akiwa amelala kimlalo, kitovu kikiwa kimetangulia, mama akiwa na malengelenge ya sehemu za siri yaliyo hai, au mapigo ya mtoto yakiwa tayari si mazuri.

## Uangalizi

Kabla ya dozi ya kwanza hupimwa umri wa mimba, mkao wa mtoto, mapigo ya moyo wake, na njia. Kabla ya kila dozi inayofuata huhesabiwa mikazo. Ikiwa mama amefikia mikazo 3 mizuri katika dakika 10, kwa kawaida dozi huachwa. Uchungu ukishika, maendeleo yake huandikwa kwenye patografu.

WHO inasisitiza kwamba mwanamke aliyepewa oksitosini, misoprostoli au prostaglandini nyingine asiachwe peke yake, na kwamba inapowezekana kazi hiyo ifanyike mahali ambapo upasuaji unaweza kufanyika. Aliyeanzishiwa uchungu asubuhi anaweza kujifungua usiku au hata kesho yake. Kutofunguka mapema hakumaanishi kwamba dawa imeshindwa, na hakutoshi peke yake kuwa sababu ya upasuaji. Mama na ndugu zake wakielezwa hivyo tangu mwanzo, hungoja kwa utulivu zaidi.

## Dawa za asili

Katika jamii nyingi za Afrika wajawazito hutumia mitishamba ya kuharakisha uchungu. Baadhi ya mitishamba hiyo ina nguvu ya kweli. Katika miaka ya 1960 Lorents Gran, daktari wa Norwei aliyefanya kazi Kongo na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa maji yaliyochemshiwa mmea uitwao kalata-kalata (*Oldenlandia affinis*) ili wajifungue upesi. Ndani ya mmea huo ilipatikana protini ndogo inayokaza kizazi, ikaitwa kalata B1. Mwaka 1995 ilielezwa kwamba muundo wake ni wa duara lililofungwa, jambo linaloifanya istahimili maji yanayochemka.

Ugumu wa dawa hizo ni uleule wa kidonge kilichokatwa kwa wembe: kiasi cha dawa katika kikombe hakijulikani. Mama aliyekunywa mitishamba kisha akapewa misoprostoli au dripu hospitalini anaweza kupata nguvu za dawa mbili kwa pamoja. Kwa hiyo mkunga anayepokea mjamzito leba huhitaji kujua alichotumia nyumbani, na mama hueleza kwa urahisi zaidi anapoulizwa faraghani na bila kukaripiwa.

## Tazama pia

* Kujifungua
* Kifafa cha mimba
* Mkunga
* Oksitosini
* Prostaglandini
* Upasuaji wa uzazi
* Fistula ya uzazi